Vyakula saba katika unga mmoja

Siku za kliniki mimi huwauliza akina mama mtoto amekula nini tangu asubuhi. Uji wa lishe. Mchana je? Uji. Jioni? Uji. Na mama hulisema kwa fahari, kwa kuwa unga wake una mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja.

Hebu tuuangalie huo unga. Vitano vya kwanza ni ukoo mmoja, nafaka, na kazi yao kubwa ni kutia nguvu. Kuvirundika hakumpi mtoto lishe mara tano. Soya huchelewa kuiva kuliko nafaka, na isipoiva sawasawa humzuia mtoto kuisaga protini. Karanga ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ikishasagwa huchacha upesi, na kama ilikuwa na ukungu, sumukuvu yake haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Saga nafaka moja, kidogo kidogo. Karanga ichambue, uisage siku ya kupika.

Kisha kuna maji. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba takriban robo lita kwa mlo mmoja. Uji wa kunywa kwa kikombe humshibisha maji. Ushike kwenye kijiko, usichuruzike. Akishindwa kuumeza, tumia kimea: ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito, uache uwe vuguvugu, tia kijiko kimoja, koroga. Utauona unalegea bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena ndipo umpe.

Lakini hata uji mzuri hauna madini ya chuma ya kutosha. Akitimiza miezi sita, akiba aliyozaliwa nayo imepungua sana, na maziwa ya mama, ambayo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, hayawezi kuliziba pengo hilo. Mpe maini ya kuku yaliyopondwa, dagaa wa kusagwa, yai, maharage yaliyotolewa maganda. Chai usimpe, hata ya maziwa. Huzuia chuma kuingia mwilini.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayotulisha mahindi! Sababu ni nyingi, ikiwemo mama kushinda shambani, lakini mlo wa mahindi matupu ni mojawapo.

Mboga ikiiva, mchotee mtoto kabla ya kutia pilipili, uponde. Akifikisha mwaka apewe sahani yake. Akila sinia moja na kaka zake, huwezi kujua amepata matonge mangapi.