Mpako wa nyuzi na mbano wa kitambaa: yanayosemwa na yalivyo

Kutengeneza kipande cha faiba, tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo hubanwa ndani ya mfuko wa ombwe, yaani mfuko ulionyonywa hewa, kisha resini, kimiminika kinachoganda, huvutwa ipenye kati ya nyuzi.

"Mpako upo ili uzi ushikane na resini, basi."
Uzi wa kioo hutoka kiwandani umeshapakwa, mara nyingi chini ya asilimia 1.5 ya uzito wake. Silani, kemikali iliyomo kwenye mpako, ndiyo inayoushikamanisha na resini, lakini mpako huohuo una kilainishi na utando unaofunga nyuzi kwenye fungu. Kitambaa hubanika nyuzi zinaposogea na tabaka moja kulalia mabonde ya nyingine. Utando mgumu huzuia hayo, na kitambaa hubaki kinene kwa mbano uleule.

"Theluthi ya milimita si kitu."
Ni kitu kikubwa. Chukua tabaka 8 za kitambaa cha kioo cha gramu 600 kwa mita ya mraba. Zikiwa na unene wa milimita 3.75, nyuzi ni asilimia 50 ya ujazo. Zikishuka hadi 3.41, ni asilimia 55. Kwa hesabu ya Kozeny-Carman (kanuni ya kimiminika kupita kwenye mianya), upenyekaji, yaani urahisi wa resini kupita, hupungua kwa takriban asilimia 40. Kipande kilichokuwa kikijaa kwa dakika 20 sasa kinadai 30 hivi, na resini inayoganda kwa dakika 25 itakwama njiani.

"Gundi ya unga ikizidi, tabaka hutulia zaidi."
Gundi hii hunyunyizwa kati ya tabaka ili zishikane. Ikiwa baridi, chembe zake hukaa katikati ya tabaka na kuzizuia zisilaliane. Ipashe moto ilainike kitambaa kikiwa ndani ya mfuko wa ombwe, kisha iache ipoe pampu ikiendelea kuvuta. Ukiachia ombwe ingali moto, kitambaa hufumuka. Ikizidi, huziba mianya na kuacha madoa makavu.

"Mati yoyote inafaa resini yoyote."
Mati ni mkeka wa nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi. Gundi ya mati nyingi za nyuzi fupi huyeyushwa na stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye resini ya poliesta. Epoksi, resini ya aina nyingine, haina stairini: mati hubaki kakamavu na hainyumbuki kufuata kona.

"Unene uliopimwa kikavu unatosha."
Resini nayo hulainisha. Kitambaa kilicholowa hubanika kuliko kikavu. Pima kikavu, achia, bana tena mara tatu, halafu pima kikiwa kimelowa. Andika na shinikizo la hewa la hapo ulipo: ombwe kamili Mombasa hubana kwa kilopaskali 101 hivi, Nairobi takriban 83, kwa hiyo kitambaa kilekile hutoka kinene zaidi Nairobi.