Alama 12 za sonona: nini hasa kimepimwa?

Sonona haina kipimo cha damu. Tunachokiona ni dalili: mtu halali vizuri, chakula hakimpendezi, mambo aliyoyafurahia hayamvutii tena. Ugonjwa wenyewe tunaukadiria kupitia dalili hizo. Hali ni hiyohiyo kwa wasiwasi, msongo, uchovu wa kazi na ubora wa maisha ya mgonjwa. Vitu vya namna hii, vilivyopo lakini visivyoshikika moja kwa moja, ndivyo watafiti huviita vigeu fiche, na modeli za vigeu fiche ni njia ya kihesabu ya kuvifikia kwa kutumia vile vinavyoonekana. Zinamhusu kila mwananchi aliyewahi kukaa kliniki akaulizwa maswali ya dodoso, kwa sababu majibu yake hugeuzwa namba, na namba hiyo huamua kama atapewa rufaa au ataambiwa aende nyumbani.

Tuchukue dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona. Liliandaliwa Marekani na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, makala yao ya kulihakiki ikachapishwa mwaka 2001, na leo lipo kwa Kiswahili na linatumika Kenya na Tanzania. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali hujibiwa kwa 0 hadi 3, kuanzia “hapana kabisa” hadi “karibu kila siku”. Majibu hujumlishwa, na jumla huangukia kati ya 0 na 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona na anahitaji kuangaliwa kwa kina.

Sasa tuweke mezani majibu ya watu wawili wa mfano. Wa kwanza ni mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa juzi. Usingizi 3, uchovu 3, hamu ya kula 3, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo 3, mengine yote 0. Wa pili anakula na kulala kama kawaida, lakini huzuni 3, kutofurahia chochote 3, kujiona hana thamani 3, kufikiri kwamba heri angekufa 3. Wote wawili wana alama 12. Kwenye rejesta, na baadaye kwenye ripoti, hawatofautiani. Mimi nisingewaweka kundi moja, na sidhani kama yupo muuguzi mzoefu ambaye angefanya hivyo. Kifua kikuu chenyewe huchosha, hukondesha, huondoa hamu ya kula na kumtoa mtu jasho usiku hadi usingizi ukakatika.

Wengi hudhani kujumlisha majibu ni kazi ya karani tu, isiyo na nadharia ndani yake. Lakini anayejumlisha amekwisha kukubali mambo mawili mazito: kwamba maswali yote tisa yana uzito mmoja, na kwamba kinachoyaunganisha ni sonona na si kitu kingine. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Modeli ya faktori, ambamo faktori ni kigeu fiche kinachodhaniwa kuunganisha majibu, hutupa namna ya kuchunguza.

Mzizi wake ni kazi ya Mwingereza Charles Spearman ya mwaka 1904. Aligundua kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri na katika mengine, akapendekeza kwamba nyuma ya alama zote kuna uwezo mmoja wa jumla. Hoja yake kuhusu akili imebishaniwa tangu hapo, ila hesabu aliyoianzisha imeenea kila mahali. Kila swali hupewa uzito unaoonyesha limefungamana kiasi gani na kigeu fiche. Kinachobaki ni cha swali lenyewe, pamoja na makosa ya upimaji. Tuseme uzito wa swali la usingizi ni 0.7 na wa swali la uchovu ni 0.8. Kama kinachoyaunganisha ni sonona peke yake, uhusiano kati ya majibu ya maswali hayo mawili unapaswa kuwa 0.7 mara 0.8, yaani 0.56. Tukifungua data ya wagonjwa tukakuta 0.75, basi kuna jambo jingine linaloyavuta pamoja, na kwa wagonjwa wa kifua kikuu si vigumu kulitambua. Hapo mtafiti anaweza kutenga faktori ya pili ya dalili za mwili, na tafiti kadhaa za PHQ-9 zimeona kwamba faktori mbili huendana na data vizuri kuliko moja. Hili ndilo ninalolithamini zaidi katika modeli hizi: hutoa utabiri, na utabiri huo unaweza kukutwa si sahihi. Jumla ya alama haikupi nafasi hiyo.

Katika tasnifu nyingi za afya, sehemu ya upimaji huishia kwenye alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha majibu ya maswali yanaendana kiasi gani. Alfa ikivuka 0.7, mwanafunzi anahamia sura inayofuata. Alfa haikuthibitishii kwamba maswali yanapima kitu kimoja. Dodoso lenye makundi mawili ya maswali yanayopima mambo tofauti linaweza kabisa kutoa alfa ya 0.8, na ukiongeza maswali ya aina hiyohiyo alfa hupanda yenyewe. Wasimamizi wa tasnifu tuna wajibu hapa. Tumwombe mwanafunzi aonyeshe muundo wa majibu kwanza, ndipo atuletee alfa.

Ugumu mkubwa zaidi huja pale tunapolinganisha watu. Ripoti ikisema wanawake wana sonona zaidi kuliko wanaume, swali la kwanza ni kama dodoso limefanya kazi sawa kwa pande zote mbili. Dodoso la CES-D, jingine la dalili za sonona, lililochapishwa na Lenore Radloff mwaka 1977, lina swali kuhusu kulia. Mwanamume aliyekuzwa akiambiwa “nyamaza, mwanamume halii” anaweza kuwa na huzuni ileile aliyonayo dada yake na bado akajibu kwamba hakulia hata siku moja. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona swali hilo likienda tofauti kwa jinsia. Kwa hiyo sehemu ya pengo kwenye jumla inaweza kutoka kwenye swali, si kwenye huzuni. Kabla ya kulinganisha wastani, mtafiti huhakiki usawa wa upimaji kwa hatua: je, muundo wa faktori ni uleule katika makundi yote? Uzito wa maswali je? Na watu wenye kiwango kilekile cha kigeu fiche, huelekea kutoa jibu lilelile? Hatua ya tatu ndiyo huvunjika mara nyingi, na ndiyo inayohitajika ili wastani ulinganishwe kwa haki.

Si kila orodha ya maswali inastahili kupimwa hivi. Kufiwa, kufukuzwa kazi na kuunguliwa nyumba humletea mtu msongo. Si msongo unaoyaleta. Hakuna sababu ya misiba hiyo kuambatana, na kuilazimisha ndani ya faktori moja ni kosa.

Kwenye magonjwa ya mwili, modeli hizi hutatua tatizo jingine. Kifua kikuu hakina kipimo kisichokosea. Kwa watoto, ambao kutoa makohozi ni shida, hata kuotesha vimelea maabara hukosa wagonjwa wengi. Utajuaje ubora wa kipimo kama huna jibu sahihi la kulinganishia? Mwaka 1980 watakwimu Hui na Walter walionyesha njia: hali halisi ya mgonjwa ichukuliwe kuwa ndiyo kigeu fiche, chenye makundi mawili, mwenye ugonjwa na asiye nao. Vipimo viwili katika jamii moja hutoa taarifa huru tatu tu, wakati yasiyojulikana ni matano: uwezo wa kila kipimo kumtambua mgonjwa, uwezo wake kumtambua asiye mgonjwa, na kiwango cha ugonjwa katika jamii. Vikitumika katika jamii mbili zenye viwango tofauti vya ugonjwa, taarifa zinakuwa sita na yasiyojulikana sita, na hesabu inakubali. Sharti mojawapo ni kwamba makosa ya vipimo yasitegemeane. Hadubini na GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea, hushindwa vyote viwili vimelea vikiwa vichache kwenye makohozi, hivyo anayevitumia pamoja lazima aingize utegemezi huo kwenye modeli yake.

Programu za kazi hii zipo za bure. Lavaan, iliyoandaliwa na Yves Rosseel kwa ajili ya R, programu ya takwimu, huendesha modeli za faktori, mradi uiambie kwamba majibu ya 0 hadi 3 ni ngazi na si vipimo kama kilo. Kinachokwamisha mara nyingi ni data. Vituo vingi huhifadhi jumla tu, na majibu ya swali moja moja hupotea na karatasi. Ombi langu kwa wanaosanifu rejesta na fomu za kompyuta ni kwamba PHQ-9 iwe na safu tisa pamoja na ya jumla. Swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, liwekewe alama ya kumshtua mhudumu jibu likiwa 1 au zaidi, ili mgonjwa azungumze na mtaalamu siku hiyohiyo, hata kama jumla yake haijafika 10.