Piga hesabu kabla hujasaini: mshahara wa kwanza wa mhandisi

"Shikamoo dada. Nimepata kazi! Mkandarasi wa maji, saiti iko Sikonge, Tabora. Wamesema milioni moja na laki mbili. Nisaini?"

Ujumbe huu uliniingia saa tano usiku kutoka kwa binti niliyemsimamia alipokuja fildi kwetu akiwa mwaka wa tatu chuoni. Nilifurahi mpaka usingizi ukanitoka. Nikamjibu: marahaba mdogo wangu, hongera sana, ila usisaini kwanza. Nipigie kesho ukiwa na kalamu na karatasi.

Nina miaka 14 katika uhandisi wa maji, na miaka sita ya karibuni nimekuwa nikikaa kwenye paneli za usaili. Kijana anaweza kukueleza vizuri kabisa upotevu wa presha kwenye bomba, lakini akiulizwa anatarajia mshahara gani, anainamisha kichwa na kusema "wowote tu mtakaoona unafaa." Inaniuma kwa sababu nami nilisema hivyohivyo mwaka 2011. Baada ya miezi minane nikaiona salari slipu ya mwenzangu imesahaulika kwenye printa. Tulimaliza mwaka mmoja, digrii moja, tukashinda kwenye mtaro mmoja, na alinizidi laki mbili kila mwezi. Nilipomuuliza alipataje, alinijibu, "Nilitaja tu." Nikaenda kuomba nami niongezwe, nikaambiwa bajeti ya mradi imeshafungwa. Nyongeza za miaka iliyofuata zilikuja kwa asilimia ya mshahara wa mwanzo, kwa hiyo ile tofauti haikupungua, ilikua.

Asubuhi binti alipiga. Tukaanza na makato, maana huko ndiko wengi wanakopotea.

Tuseme 1,200,000 yote ni mshahara wa msingi, hakuna posho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 yako, 120,000. Kodi inakokotolewa kwenye kinachobaki, yaani 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, halafu kodi inapanda kwa ngazi. Milioni ya kwanza inatozwa 128,000 na kila kinachozidi hapo kinatozwa asilimia 30. Kwa hiyo kodi yake ni 152,000. Halafu mkopo wa chuo: ukiwa umesomeshwa na HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kila mwezi inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapo ni 180,000. Jumlisha makato yote, utapata 452,000. Kinachofika mkononi ni 748,000.

Simu ilikaa kimya kidogo. Kichwani alikuwa ameshapanga matumizi ya milioni na ushee.

Hesabu iliyofuata ndiyo naomba kila mhitimu aifanye kwa mkono wake. Ukiwa kwenye ngazi hiyo na una mkopo, kila shilingi 100 unayoongezwa inakatwa 10 za NSSF, 27 za kodi (asilimia 30 ya zile 90 zinazobaki) na 15 za mkopo. Zinazokufikia ni 48. Ukipigania laki moja ukaipata, mfukoni unaongeza 48,000. Kwa mwajiri nayo laki hiyo haiishii kuwa laki, kwani anaiongezea mchango wake wa NSSF na tozo nyingine za serikali zinazohesabiwa kwa mshahara. Ndiyo maana anashika kichwa kwa kiasi ambacho wewe hata hukioni.

Nikamuuliza: Sikonge utalala wapi? Hakujua. Chumba cha kupanga alikisia elfu themanini. Ili apate elfu themanini mkononi kwa njia ya mshahara, mwajiri angelazimika kumpandishia karibu 167,000. Lakini mkandarasi mwenye kambi ana vyumba tayari, na chumba kimoja zaidi kwake ni gharama ndogo. Makazi ya kampuni yanaweza kuhesabiwa kodi, kwa hiyo mhasibu aulizwe mapema, ila makato ya mkopo hayayagusi. Usafiri wa kwenda saiti, chakula cha kambini, nauli ya kurudi nyumbani kila baada ya miezi kadhaa, bima ya afya, yote haya hutoka kwenye mafungu ambayo meneja wa mradi anaweza kuyasogeza kwa urahisi kuliko mshahara wenyewe. Fedha za wafanyakazi wa saiti zilishapigiwa bei wakati wa kuandaa zabuni. Kampuni ikiwa ndiyo kwanza imesaini mkataba na imepokea malipo ya awali, kuna nafasi ya kupumua. Ikiwa mradi umefika asilimia themanini na hati za malipo zinachelewa, hata ukiwa na hoja nzuri kiasi gani, fedha hazipo. Muulize wazi mwajiri kazi imefika wapi, na mshahara hutoka tarehe ngapi.

Kuhusu soko linalipaje, waulize waliokutangulia miaka miwili mitatu, lakini uliza kwa undani: mkandarasi wa daraja gani, mkoa gani, nani anagharamia mradi, na kiasi hicho ni ghafi, yaani kabla ya makato, au cha mkononi. Hilo la mwisho usilisahau kamwe. Nimeona kijana akitaja laki tisa akiwa na maana ya mkononi, mwajiri akaandika laki tisa ghafi, wakashikana mikono kwa furaha, na mwisho wa mwezi yakaja machozi.

Kuna jambo moja ningeligombania kuliko fedha. Ukihitimu unajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, halafu unahitaji angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi ndipo uombe kuwa Mhandisi Mtaalamu. Ndiyo sababu Bodi hiyo iliuanzisha SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, mwaka 2003. Kampuni ikikulipa vizuri lakini haina Mhandisi Mtaalamu wa kukusimamia na kusaini taarifa zako, miaka hiyo utapata taabu kuitetea, na usajili ndio unaokupa sauti kwenye mshahara wa pili na wa tatu. Kwa hiyo uliza: nani atanisimamia, ana usajili, na atakuwa saiti au atakuwa Dar anapokea picha kwenye simu?

Ahadi ya "tutakuongeza ukimaliza majaribio" iandikwe kwenye barua, pamoja na kiasi na tarehe. Soma pia saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, lakini kanuni hizo hazimgusi mfanyakazi anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mhandisi wa saiti anaweza kujikuta amewekwa kwenye kundi hilo kwa sababu tu ya cheo alichoandikiwa, huku akimwaga zege mpaka saa nne usiku. Ulizia cheo hicho kina maana gani kwenye saa za ziada.

Tukafanya mazoezi ya maneno. Nilicheza afisa rasilimali watu, naye akajibu. Mara ya kwanza aliomba samahani mara tatu ndani ya sentensi moja. Mabinti wengi tunalelewa hivyo, na kwenye usaili inatugharimu. Mara ya nne ilitoka hivi: "Nashukuru sana kwa nafasi hii na kazi naitaka. Nikizingatia kwamba nitahamia saiti, natarajia 1,400,000 kabla ya makato, na chumba kambini. Pia naomba barua itaje mhandisi atakayenisimamia kwa ajili ya SEAP." Kisha anyamaze. Hapo ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu ulimi unataka kujipunguzia bei wenyewe kabla mwenzako hajajibu.

Aliwapigia simu waajiri Jumatatu. Walimwomba asubiri, akasubiri siku mbili, hata chakula hakimshuki. Jumatano barua mpya ikaja: 1,300,000, chumba kambini, nauli ya kwenda na kurudi Dar kila baada ya miezi mitatu, na jina la Mhandisi Mtaalamu aliyepo saiti. Laki ya pili walikataa katakata. Tulikokotoa tena pamoja: mkononi 796,000, na kodi ya chumba hailipi.

Alisaini Ijumaa. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa logibuku, daftari lake la kumbukumbu za kazi, wiki ya kwanza: kupima mkuza (njia) wa bomba, kilomita 2.4, na saini ya msimamizi pembeni.