Mkono wa Roboti ya Majini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kigoma tuna Ziwa Tanganyika mlangoni, la pili kwa kina duniani, lenye takriban mita 1,470 pale linapozama zaidi. Sioni sababu ya kijana wa Ujiji au Kibirizi kujifunza roboti za majini kwenye picha tu. Kinachowakwamisha wanafunzi wengi ni mkono: chombo kinaelea vizuri, kinakwenda mbele na nyuma, kisha wanakifunga mkono na kila kitu kinaharibika. Mara nyingi chanzo ni mambo wanayoyaamini kabla hata hawajashika msumeno.

“Mota ikiwa na nguvu, mkono utanyanyua chochote.”

Hili ndilo linalogharimu kuliko yote. Kreni ya bandarini imesimama juu ya zege, ilhali mkono wa roboti umefungwa kwenye kitu kinachoelea. Ukivuta jiwe juu, jiwe nalo linakuvuta chini, na roboti haina mahali pa kukanyaga.

Tupige hesabu. Roboti ina kilo 4, na imesawazishwa isizame wala isipande. Mkono umeshika mzigo ambao ndani ya maji una uzito wa nusu kilo, sentimita 50 mbele ya katikati ya chombo. Kinachoirudisha roboti wima ni umbali kati ya kitovu cha uzito wake, kilicho chini, na kitovu cha msukumo wa maji, kilicho juu. Umbali huo ukiwa sentimita 5, roboti itainamisha pua kwa takriban digrii 50. Kamera inatazama tope, na mapangaboi yaliyokuwa ya kuipandisha sasa yanaisukuma kwa mshazari. Pandisha maboya juu kabisa na ushushe vyuma chini kabisa hadi umbali ufike sentimita 15, mwinamo unashuka hadi digrii 23 hivi. Fupisha mkono, mzigo uwe sentimita 20 tu kutoka katikati, unabaki na chini ya digrii 10. Mota ni ileile, mzigo ni uleule.

Kwa hiyo naomba walimu wasianze na mota. Waanze na karatasi: mzigo upi, umbali gani, maboya yakae wapi.

“Majini vitu havina uzito.”

Vinao, ila umepungua kwa kiasi cha uzito wa maji yaliyosukumwa kando, kama Archimedes alivyoeleza zamani. Jiwe la kawaida la kilo moja hubaki na gramu 600 na kitu. Kipande cha chuma cha kilo moja hubaki na zaidi ya gramu 870, yaani karibu kilekile. Pimeni mzigo wenu ukiwa umezamishwa kwenye ndoo, kwa mizani ya kuning’iniza, badala ya kukisia.

“Mkono mzuri ni wenye viungo vingi.”

Kila kiungo ni uzito, ni tundu jingine la kupitisha maji, na ni kitu kingine cha kulegea. Roboti yenyewe hupanda, hushuka na kugeuka, hivyo imeshakupa miondoko mingi bure. Koleo linalofunguka na kufunga linatosha kwa kazi nyingi za wanafunzi. Mwaka 1966 Wamarekani walitumia chombo kilichoitwa CURV kuopoa bomu la nyuklia kwenye bahari ya Palomares, Hispania, kina cha karibu mita 870. Kilikuwa na mkono mmoja wa kushikia. Mwishoni chombo kilijinasa kwenye kamba za parachuti la bomu, na vyote vikavutwa juu pamoja.

“Nikipaka silikoni, maji hayaingii.”

Silikoni haiwezi kuziba ekseli inayozunguka. Mota ikigeuka mara chache, mwanya unajifungua. Zaidi ya hapo, ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba ya nyaya zenu. Tena kila mita 10 za kina huongeza kanieneo kama la hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kilichokaa kikavu kwenye pipa kinaweza kujaa maji ziwani. Wengine huijaza nyumba ya mota nta au grisi ili hewa isibaki ndani, na njia hiyo ni nzuri.

Mimi napendelea kuacha umeme nje ya mkono kabisa. Chukua mabomba mawili ya sindano, yaunganishe kwa mpira mwembamba uliojaa maji: moja analishika mwanafunzi ufukweni, jingine linasukuma koleo. Likiwa la mkononi ni jembamba na la kwenye koleo ni nene, nguvu inaongezeka na mwendo unapungua: hiyo ni kanuni ya Pascal, kwamba kanieneo katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa kila upande, mbele ya macho yao. Kina hakiusumbui mkono wa aina hii, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya mpira yana kanieneo sawa na ya nje. Hewa tu ndiyo adui: kwenye mita 10 kiputo hubaki nusu ya ukubwa wake, na koleo linalegea. Mpira nao usiwe laini mno, maana ukivimba nguvu inaishia humo.

“Dawa ya kuteleza ni kubana zaidi.”

Mawe ya ziwani yana utelezi. Vidole vilivyopinda vikaingia chini ya mzigo, vikavikwa vipande vya tyubu ya baiskeli, hushika bila kukamua. Kwa nyavu zilizonasa kwenye miamba, ndoano ya spoku inalishinda koleo lolote.

“Betri ni volti 12, basi mota inapata volti 12.”

Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, wenye urefu wa mita 15, hula volti 2 kwenda na kurudi mkondo ukiwa ampea 3. Pimeni kwenye mota, msipime kwenye betri.

“Ikifanya kazi Kigoma, itafanya kazi popote.”

Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Roboti ya ujazo wa lita 10 iliyosawazishwa hapa, mkiipeleka Dar es Salaam, itahitaji vyuma zaidi vyenye uzito wa gramu 250 vikipimwa ndani ya maji, na viwekwe chini kabisa ya fremu.