Programu iliyokuja na kamera: kusasisha, kupanda toleo na kuhama

Ukifungua boksi la kamera mpya unakuta kamera yenyewe, betri, chaja, mkanda wa shingoni na kijitabu cha maelezo. Miaka ya nyuma, chini kabisa kulikuwa na bahasha yenye diski. Siku hizi aghalabu diski haipo, kuna maelezo tu ya tovuti ya kampuni ili ukapakue mwenyewe. Hiyo ndiyo programu iliyokuja na kamera. Kazi yake ni kuhamisha picha kutoka kwenye kadi, kuzipanga, kuzihariri na kuzitoa zikiwa tayari kuchapishwa au kutumwa. Ukishanunua kamera, ni haki yako. Hata hivyo wapiga picha wengi ninaowafahamu hawajawahi kuifungua. Wananunua kamera leo, kesho wanatafuta kijana wa kuwawekea Photoshop, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe, kwenye kompyuta.

Nimekuwa nikifundisha wanaoanza, na swali linalorudi kila mara ni hili: hii iliyokuja na kamera inatosha, au nipande toleo? Kabla ya kujibu inabidi tukubaliane maana, kwa kuwa kijiweni kila kitu kinaitwa kuapdeti, na ndani ya neno hilo moja mmefichwa mambo matatu.

La kwanza ni kusasisha. Programu inabaki ileile, inazibwa matundu na kuongezewa maarifa kidogo, na kwa kawaida namba inayobadilika ni ile ya baada ya nukta. Sasisho la programu ya kamera ni bure, na faida yake kubwa ni kwamba programu inafundishwa kuzitambua kamera na lenzi zilizotoka baada yake.

La pili ni kupanda toleo. Hapa inayobadilika ni namba ya kabla ya nukta, au unatoka kwenye programu ndogo ya bure kwenda kwenye kaka yake mkubwa wa kulipia. Mabadiliko ni ya mwilini, si ya nguo, na mara nyingine kompyuta yako inaachwa nyuma. Canon walipotoa toleo la 4 la Digital Photo Professional, programu inayokuja na kamera zao, mwaka 2014, mwanzoni lilihitaji kompyuta ya biti 64 na lilizitambua kamera chache za daraja la juu, kama EOS-1D X na 5D Mark III. Mwenye kamera ndogo aliyekimbilia jipya alikuta picha zake hazimo kwenye mpango. Ilimbidi abaki na toleo la 3 hadi orodha ilipoongezwa.

La tatu ni kuhama: kuiacha programu ya kampuni ya kamera na kwenda kwa kampuni nyingine kabisa. Watu hulichukulia hili kama kupanda toleo tu, na humo ndimo wengi wanamoumia. Nitalirudia.

Desturi ya kufunga programu pamoja na kifaa ni ya zamani kuliko kamera nyingi tulizonazo. Photoshop yenyewe, kabla ya toleo lake la kwanza la mwaka 1990, iliwafikia watu ikiwa imefungwa pamoja na skana za Barneyscan, nakala kama 200 hivi. Baadaye Adobe wakawa na toleo lililopunguzwa, Photoshop LE, lililokuja na skana na kamera za watu wengine, na mwaka 2001 nafasi yake ikachukuliwa na Photoshop Elements. Kampuni za kamera nazo zilifanya vivyo hivyo. Nikon kwa miaka mingi walitoa bure programu ya kutazamia picha, huku Nikon Capture na baadaye Capture NX zikiuzwa. Olympus walitoa Olympus Master, wakauza Olympus Studio. Ya boksini ilikuonjesha, na hapohapo ikakuonyesha vitufe usivyokuwa navyo.

Mambo yamebadilika, na hili nataka lieleweke vizuri. Canon wanatoa Digital Photo Professional nzima bila malipo kwa wenye kamera zao. Nikon tangu Machi 2021 wanatoa NX Studio, bure, na haijakatwa mguu wala mkono. Kwa hiyo ile dhana kwamba ya boksini ni mabaki ya mezani imepitwa na wakati.

Nguvu yake hasa inaonekana kwenye faili ghafi, yaani picha kabla kamera haijaiamulia rangi, lile ambalo kwenye menyu ya kamera limeandikwa RAW. Ukipiga picha ya JPEG, kamera inaamua rangi, ukali na mwangaza palepale, inabana faili na kutupa yaliyobaki. Kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu inabaki na ngazi 256 za mwangaza. Faili ghafi la biti 12 lina ngazi 4,096, na la biti 14 lina 16,384. Namba hizi ni kavu hadi upige harusi ya usiku. Ukumbi una taa za njano, bibi harusi kavaa shela jeupe, na kwenye picha shela limekuwa na rangi ya siagi. Ukilivuta JPEG lirudi kwenye weupe, ngozi ya uso inageuka kijivu na mikunjo ya shela inafutika. Kwenye faili ghafi unabofya sehemu ya kitambaa inayopaswa kuwa nyeupe, rangi zinakaa sawa, na nakshi za kwenye mkono wa gauni bado unazihesabu.

Tatizo ni kwamba faili ghafi si la aina moja. Canon wana CR2 na CR3, Nikon wana NEF, Sony wana ARW, Fujifilm wana RAF. Aliyelitengeneza ndiye anayelijua kwa undani, na wengine hulazimika kulichunguza. Mwaka 2005 jambo hili lilizua mzozo wa wazi. Katika faili la kamera ya D2X, Nikon walifunga kwa msimbo taarifa za mizani ya rangi nyeupe, yaani kipimo kinachofanya cheupe kionekane cheupe. Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili waliobuni Photoshop, alilalamika hadharani kwamba programu ya Adobe haiwezi kuzisoma inavyopaswa. Haukupita muda, watengenezaji huru wa programu wakaufungua msimbo huo. Mvutano wa aina hii ndio unaoeleza kwa nini picha ileile ina rangi moja kwenye kioo cha kamera, na rangi nyingine kidogo ukiifungua kwenye programu ya kampuni tofauti. Ya boksini inasoma mapishi ya rangi uliyochagua kwenye kamera na kuyafuata. Nyingine hukadiria, na zinakadiria vizuri siku hizi, lakini bado ni makadirio.

Sasa turudi kwenye kuhama, na swali la kuuliza kabla ya kulipa hata senti: uhariri wangu umehifadhiwa wapi?

Unapohariri faili ghafi, picha ya asili haiguswi. Programu inaandika maelekezo tu: ongeza mwangaza kiasi hiki, punguza njano, kata pembeni. Maelekezo hayo Canon huyahifadhi humohumo ndani ya faili, au katika faili dogo la pembeni ukitaka. NX Studio huyaweka kwenye folda ndogo inayoitwa NKSC_PARAM, kando ya picha zako. Lightroom, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, huyaweka kwenye katalogi yake, au kwenye faili dogo la pembeni liitwalo XMP. Kila moja inaandika kwa lugha yake, na haisomi ya mwenzake. Ukihama, mafaili ghafi yanafunguka, lakini uhariri haupo. Kila picha inakuja kama ilivyotoka kwenye kadi.

Mimi nilijifunza kwa uchungu, tena bila hata kuhama programu. Nilikuwa nahamishia kazi kwenye diski ya nje ili nipate nafasi kwenye kompyuta. Nikachagua picha zote, nikazinakili, nikafuta za mwanzo. Ile folda ndogo iliyokuwa kando yake niliiona, nikadhani ni takataka za mfumo, nikaifuta pia. Wiki ya tatu familia niliyoipigia picha hizo ikaomba nakala kubwa za ukutani. Nikafungua: picha mia nne na kitu, zote za njano, zote zimepinda kama nilivyozipiga. Nilikaa siku mbili na usiku wake nikizirudia moja moja.

Hata ndani ya kampuni moja kupanda toleo kunaweza kukukata. Capture NX 2 ya Nikon ilipendwa kwa sababu ya vidoti vya kudhibiti rangi: unaweka kidoti juu ya anga, unavuta mstari, anga peke yake inakolea. Teknolojia hiyo ilikuwa ya kampuni ya Nik Software, na mwaka 2012 Google wakainunua Nik. Nikon walipotoa Capture NX-D mwaka 2014, ilikuwa bure, ilikuwa mpya, na vidoti havikuwemo. Waliokuwa wamejenga kazi yao yote juu ya vidoti walijikuta na programu mpya inayofanya machache kuliko ya zamani. Vidoti vilirudi miaka kadhaa baadaye.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu: kazi iliyokwisha, itoe kabisa kabla ya kupanda toleo au kuhama. Zile picha ambazo mteja anaweza kuzirudia, zitoe kama TIFF ya biti 16, faili la picha lisilopoteza ubora. Ni nzito, kamera ya megapikseli 24 itakupa faili la takriban MB 144 kwa picha moja, kwa hiyo usizitoe zote. Chagua za albamu. Zilizobaki JPEG ya ubora wa juu inatosha.

Kuna wakati kupanda si hiari. Umebadilisha kamera, na programu uliyonayo haiijui. Adobe walitoa Lightroom 6 mwaka 2015, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Masasisho yake yalikoma mwishoni mwa 2017. Mwaka 2018 Canon wakatoa EOS M50 yenye faili jipya la CR3. Mwenye Lightroom 6 akinunua kamera hiyo, hafungui hata picha moja ghafi. Njia ya kupitia ipo: Adobe wanatoa bure kigeuzi cha kubadili faili hilo kuwa DNG, aina ya faili ghafi ya Adobe wenyewe, na DNG Lightroom 6 inalisoma. Ni hatua ya ziada kila siku, lakini haidai pesa.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Lightroom na Photoshop za leo ni za kulipia mwezi kwa mwezi, au kwa mwaka. Kwa mwenye kazi kila wiki zinajilipa. Kwa anayepiga picha za familia na safari, ni mzigo usio na ulazima, na ajue kwamba akiacha kulipa, Lightroom Classic itaendelea kumwonyesha picha zake lakini chumba cha kuhariria kinafungwa. Akitaka zaidi ya alichopewa na kamera bila kulipa, kuna darktable na RawTherapee, zote huru na zote zinafungua mafaili ghafi ya kamera nyingi. GIMP ni nzuri kwa kazi ya kupaka na kuunganisha picha, ila faili ghafi inalipokea kupitia mojawapo ya hizo mbili. Programu za wizi, zile za kuvunjwa kufuli, siziwekei neno zuri hata moja. Ukishaiweka huthubutu kuisasisha, kwa hiyo kila kamera mpya inakukuta palepale, na hujui kingine kilichoingia nayo kwenye kompyuta yenye picha za watu.

Wanaonunua kamera iliyotumika wasikate tamaa kwa kukosa boksi. Canon watakuuliza namba ya mfululizo ya kamera kabla ya kukuruhusu kupakua, na namba hiyo aghalabu imeandikwa chini ya mwili wa kamera, karibu na tundu la kufungia stendi. Maandishi ni madogo. Ipige picha kwa simu, ikuze, uisome. NX Studio haidai namba hiyo.

Na usiyatupe mafaili ghafi ya zamani eti kwa kuwa umeshayatoa. Kanuni za kuondoa chengachenga, zile punjepunje za picha za gizani, na kunyoosha kasoro za lenzi zinaboreshwa kila toleo, na faili ghafi la zamani linafaidika nazo sawa na la jana. Nina picha nilizopiga kwa Nikon D90, kamera ya mwaka 2008, kwenye harusi ya dada yangu. Ngoma ya usiku, taa mbili tu uwanjani, na wakati ule niliziweka kando kwa sababu ya chengachenga za rangi zilizojaa kwenye weusi. Mwaka jana nilizifungua kwenye NX Studio. Chenga hazikuisha, lakini zilitulia kiasi cha kuonekana mkono wa mama, umeinuliwa na kitambaa, nyuma ya wapiga ngoma. Sikuwahi kujua kama yumo kwenye picha ile.