Sherifu si OCD

Tamthilia ya Kimarekani ni ileile, yanabadilika majina tu. Mwanamke ana nyota kifuani, ndiyo kwanza ameingia ofisini, mwili unakutwa kando ya mto, na kijiji kizima kinamwangalia kwa jicho la pembeni. Hapo ndipo jirani yako kwenye kibanda umiza anapokueleza kwa uhakika kwamba huyo mama ni OCD mpya, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kahamishiwa hapo juzi na wenyeji hawamtaki.

Hakuhamishwa. Hakuna aliyempangia kituo. Huenda hata amezaliwa palepale na amesoma darasa moja na marehemu.

Sherifu wa Marekani ni ofisa wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, katika majimbo mengi kwa kipindi cha miaka 4. Analinda usalama wa kaunti, anaendesha jela yake, anapeleka hati za mahakama na kuwatoa watu kwenye nyumba mahakama ikiamuru. Alaska hawana masherifu wa kaunti, Connecticut waliwafuta mwaka 2000, na Rhode Island wanawateua badala ya kuwachagua. Kwingineko karibu kote ni sanduku la kura. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachowapotosha watu ni huyo OCD. OCD ana mkubwa wake, na mkubwa wake ana mkubwa wake, mpaka unamfikia IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Leo yuko Tandahimba, kesho anaamka na barua ya kwenda Ngara, na hakuna mwananchi aliyeulizwa. Sherifu hana wa kumpa barua hiyo. Gavana wa jimbo si bosi wake. Yapo majimbo machache ambako gavana anaweza kumsimamisha, kama Florida, ambako mwaka 2019 gavana alimsimamisha sherifu wa kaunti ya Broward, lakini kwa kawaida anayemwondoa ni mpigakura, uchaguzi ukifika. Kama ni lazima umpe cheo cha kwetu, chukua OCD umchanganye na diwani. Anayefanana na OCD hasa ni mkuu wa polisi wa mji, ambaye huajiriwa na meya au halmashauri na hufukuzwa na haohao. Eneo la sherifu hasa ni kule nje ya mji, kwenye mashamba na barabara za vumbi.

Wasomaji wa Kenya nao wana mtego wao. Wakisikia “kaunti” wanaiwazia moja ya zile 47, yenye gavana wake na bunge lake. Kaunti ya Marekani haina gavana. Ina sherifu, ambaye kaunti ya Kenya haina, maana polisi wa Kenya ni wa serikali ya kitaifa.

Halafu kuna hawa “manaibu sherifu”. Watu wakiona manaibu wanane kwenye eneo la tukio wanashangaa ofisi ina wakubwa wengi namna hiyo. Naibu sherifu ni askari wa kawaida, konstebo kabisa, ila kisheria mamlaka yote ni ya yule aliyechaguliwa na wengine wanayatumia kwa niaba yake. Ndiyo sababu sherifu mpya anaweza kukuta ofisini naibu aliyegombea naye na kushindwa. Huyo bado ana bunduki, ana funguo za jela, na anawajua watu wote.

Cheo chenyewe kimetoka Uingereza ya kale, kwa msimamizi wa mfalme katika mkoa, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kodi. Hakina undugu wowote na masharifu wa Lamu, ni masikio tu yanadanganya. Huko kilikotoka kimebaki cha heshima: anateuliwa kwa mwaka mmoja, anavaa sare ya velveti, anahudhuria sherehe. Ukivuka kwenda Scotland, sherifu ni hakimu. Kwa hiyo hata ukisema “sherifu” bila kutaja nchi, hujasema kitu.

Sasa pima uchaguzi huo kwa udogo wa mahali. Kaunti ya Loving, Texas, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020, na ina sherifu wake. Kwenye kaunti ya namna hiyo kifo kikitokea, shahidi ni mpigakura, mtuhumiwa ni mpigakura, mjane ni mpigakura, na makamishna wanaoidhinisha bajeti ya petroli ya gari lako wana binamu kwenye orodha ya watu unaotaka kuwahoji. Kinachowekwa kwenye hadithi kama chuki ya wanakijiji kwa mgeni, mara nyingi ni hesabu ya kura.

Na mwanamke mwenye nyota si kitu cha juzi. Wengi wa mwanzo waliingia kwa mlango wa ujane. Mwaka 1918, kaunti ya Coleman huko Texas, sherifu alifariki na makamishna wakamteua mke wake, Emma Banister, amalizie muda. Haikuwa ajabu sana: familia ya sherifu iliishi kwenye jengo la jela, na mama ndiye aliyekuwa akisimamia chakula cha wafungwa na makaratasi ya ofisi. Mwaka 1926 Mabel Chase alichaguliwa sherifu wa kaunti ya Kiowa, Kansas. Lillian Holley ndiye ninayemhurumia zaidi. Mumewe aliuawa kwa risasi mwaka 1933 akiwa sherifu wa kaunti ya Lake, Indiana, naye akashika ofisi. Machi 3, 1934, jambazi John Dillinger akatoroka jela ya kaunti hiyo, mjini Crown Point, kwa bastola ambayo inasemekana ilikuwa ya kuchonga kwa mti, akaondoka na gari la sherifu mwenyewe, Ford V8, akavuka nalo hadi Illinois. Kuvusha gari la wizi mpaka wa jimbo likawa kosa la serikali kuu, na maofisa wake wakapata sababu ya kumwinda. Magazeti yakamwandama Lillian kana kwamba yeye ndiye aliyechonga bastola. Alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 103.

Nirudi kwenye maiti ya mtoni, maana hapo kosa la pili ni kubwa kuliko la OCD. Watu husema “sherifu kasema ni mauaji”. Katika kaunti nyingi hiyo si kauli yake. Eneo la tukio ni lake, lakini mwili una mwenyewe: mchunguzi wa vifo wa kaunti, ambaye naye mara nyingi huchaguliwa kwa kura. Bila ruhusa yake mwili hausogezwi. Yeye ndiye anayeandika chanzo cha kifo, tuseme risasi ya kichwa au maji mapafuni, kisha anaandika aina yake: cha asili, ajali, kujiua, mauaji, au haikubainika. Risasi ileile inaweza kuingia kwenye aina tatu kati ya hizo. Sherifu anaposema kifo “kinatiliwa shaka” hajachagua hata moja. Upasuaji wa mwili hulipiwa na kaunti, na daktari bingwa yuko mjini, mbali, kwa hiyo kuna siku bajeti ndiyo inayosema kwanza.

Huko Indiana sheria inampa mchunguzi wa vifo mamlaka ya kumkamata sherifu ikitokea hati ya kumkamata. California ni kinyume: kaunti nyingi zimeziunganisha kazi hizo mbili kwa mtu mmoja. Mwishoni mwa 2017, kaunti ya San Joaquin, madaktari wawili wa uchunguzi wa maiti walijiuzulu, mmoja wao Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, wakilalamika kwamba sherifu anaingilia maamuzi yao. Sherifu alikanusha. Mwaka 2018 kaunti ikazitenganisha ofisi.

Kwa hiyo kabla ya kumwekea sherifu maneno mdomoni, angalia kwanza hadithi iko jimbo gani. Kama ni California, huenda kweli kasema yeye. Kama ni Kentucky, aliyesema ni mchunguzi wa vifo, ambaye huko mara nyingi ni mwenye biashara ya mazishi, na pengine asubuhi hiyo alikuwa anauza majeneza.