Soda "bila sukari" kwa mtoto: maswali ya wazazi na majibu yake

Mzazi akishaambiwa apunguze sukari ya mtoto, mara nyingi hukimbilia kinywaji kilichoandikwa "bila sukari". Kisha wasiwasi huanza, maana huyu kasikia ni sumu na yule kahakikishiwa hakina neno. Majibu haya yanamhusu mtoto mwenye afya ya kawaida. Mwenye kisukari au ugonjwa mwingine anaotibiwa, neno la mwisho ni la daktari wake.

Kama hakina sukari, utamu wake unatoka wapi?

Unatoka kwenye vitamu bandia. Aspatemu na asesulfemu-K ni vitamu kuliko sukari kwa takriban mara 200, na sukralosi mara 600 hivi, kwa hiyo chembe tu hutosha chupa nzima. Sakarini ndiyo kongwe kuliko zote, iligunduliwa mwaka 1879. Stevia hutokana na majani ya mmea na watu huihesabu kuwa "ya asili", ila kile kinachotiwa kwenye vinywaji kimechujwa na kusafishwa kiwandani. Kwa watoto, ushauri juu yake ni uleule wa vitamu vingine.

Nimesikia aspatemu inaleta saratani. Ni kweli?

Habari hiyo ilisambaa Julai 2023, na ilisambaa nusu. Mwezi huo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka aspatemu kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake bado ni hafifu. Katika kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri. Wakati uleule, kamati ya wataalamu wa viambato vya chakula inayoundwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ilipitia ushahidi na kuacha kiwango cha juu cha matumizi kama kilivyokuwa zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku.

Taarifa hizo mbili hazigombani. IARC huuliza iwapo kitu kina uwezo wa kudhuru. Kamati ile nyingine huuliza mtu akitumia kiasi gani ndipo adhurike. Hofu ya namna hii haikuanza jana. Sakarini iliwahi kuhusishwa na saratani ya kibofu cha mkojo kwa panya, na kuanzia 1977 bidhaa zake nchini Marekani zikabandikwa onyo. Ilipobainika kwamba kilichowapata panya wale hakitokei kwa binadamu, onyo likaondolewa mwaka 2000.

Kwa hiyo soda moja ya aina hiyo haimpi mtoto saratani. Lakini hesabu ya mtoto si ya mtu mzima. WHO ilieleza kwamba, kopo likiwa na miligramu 200 hadi 300 za aspatemu, mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 kwa siku ndipo apite kiwango. Mtoto wa kilo 20 kiwango chake ni miligramu 800, na makopo matatu au manne yanatosha kukifikia, tena kabla hujahesabu mtindi, ubani wa kutafuna na dawa ya maji vyenye vitamu hivyohivyo. Kukipita siku moja hakumdhuru, kwa sababu kiwango hicho kimewekewa nafasi kubwa ya usalama na ni cha kila siku kwa maisha yote. Hata hivyo, mtoto ana nafasi finyu kuliko wewe.

Wapo wachache ambao aspatemu kwao ni marufuku: waliozaliwa na fenilketonuria, ugonjwa unaoufanya mwili ushindwe kuvunja fenilalanini, ambayo hutokana na aspatemu ikimeng'enywa. Ndiyo sababu bidhaa zake huandikwa kwamba zina fenilalanini.

Kama ni salama, kwa nini wataalamu hawataki mtoto azoeshwe?

Kwa sababu kutokuwa sumu hakukifanyi kinywaji kuwa na faida. Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitumie vitamu hivi kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa tafiti za muda mrefu hazikuonyesha vinapunguza mafuta mwilini. Ushauri huo hauwahusu walio tayari na kisukari, na WHO yenyewe iliuita wa masharti, maana ushahidi wake haujakamilika. Tafiti nyingi, isitoshe, zilifanywa kwa watu wazima. Mtu asikwambie basi kwamba imethibitishwa vinanenepesha watoto.

Hoja yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ulimi. Miaka ya mwanzo ndiyo mtoto anapojifunza kinywaji kinapaswa kuwa na ladha gani. Anayekunywa kitamu kila siku, kiwe cha sukari au cha aspatemu, hujifunza kwamba kinywaji ni lazima kiwe kitamu, na maji huyaona adhabu. Umeondoa kalori, lakini hamu ya utamu iko palepale.

Meno nayo yamo. Vitamu bandia haviwalishi bakteria wanaoozesha meno, hiyo ni kweli. Lakini soda ina asidi, na asidi hulainisha na kumomonyoa tabaka gumu la nje la jino, iwe na sukari au isiwe nayo.

Mwaka 2019 jopo la taasisi kubwa za Marekani, likiwamo shirika la madaktari wa watoto na lile la madaktari wa meno ya watoto, lilishauri walio chini ya miaka mitano wasipewe kabisa vinywaji vyenye vitamu hivi.

Basi si bora nimrudishie soda ya kawaida?

Hapana. Kopo la mililita 330 la soda yenye sukari hubeba gramu 35 hivi. WHO inataka sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,400 kwa siku, hizo ni gramu 35. Kopo moja limemaliza sukari ya siku nzima na bado hajala biskuti.

Kwa hiyo ikiwa ni sherehe na mezani kuna soda mbili tu, isiyo na sukari ina nafuu. Hata mtoto aliyezoea soda kila siku anaweza kuitumia kama daraja kwa wiki chache, mradi msihamie hapo moja kwa moja. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vya sukari au visivyo nayo, si vya mtoto hata mara moja, vina kafeini.

Na juisi ya matunda halisi, niliyoikamua mwenyewe?

Hili huwaudhi wazazi, ila WHO huihesabu sukari ya juisi kuwa sukari huru sawa na ya soda, hata bila kuongeza kijiko. Tunda likikamuliwa, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye makapi, na sukari ya machungwa matatu hunywewa kwa dakika moja. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto asipewe juisi kabla ya mwaka mmoja. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu, isizidi mililita 120 kwa siku. Mpe tunda alitafune.

Anywe nini, basi?

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, au ya kopo ya watoto wachanga pale yanapolazimu. Hata maji hayahitaji. Akianza chakula, mpe maji kidogo kwa kikombe. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, na asali asionjeshwe kabla ya umri huo, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli. Baada ya hapo, maji safi na salama na maziwa yasiyotiwa sukari vinatosha. Maziwa nayo yana kipimo: mtoto anayeshinda na kikombe cha maziwa hukosa njaa ya chakula na anaweza kupungukiwa madini ya chuma. Chai pia huzuia mwili kufyonza chuma, hivyo usimpe pamoja na mlo.

Wangu hataki maji matupu hata kidogo.

Usimkatie ghafla. Ongeza maji kwenye kinywaji anachokipenda, kidogo leo, zaidi kidogo wiki ijayo, mpaka utamu uishe. Kipande cha tunda ndani ya jagi husaidia, na maji baridi hunyweka kuliko ya vuguvugu. Na kama baba anateremshia chakula chake kwa soda, usitarajie mtoto aridhike na maji.

Kwenye lebo niangalie nini?

Maandishi makubwa ya mbele ni tangazo. Soma orodha ya viambato nyuma. Majina yakikushinda, tafuta namba: E950 ni asesulfemu-K, E951 aspatemu, E954 sakarini, E955 sukralosi, E960 stevia. Utashangaa kuzikuta hata kwenye vinywaji vyenye sukari, kwa sababu viwanda vingi sasa huchanganya vyote viwili.

Mtoto wangu ana kiu muda wote. Ni mazoea tu?

Inaweza kuwa mazoea, au joto. Lakini akinywa kupita kawaida, akikojoa mara nyingi au akarudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, huku akikonda na kuchoka, usibadilishe kinywaji ukasubiri kuona. Mpeleke apimwe sukari ya damu siku hiyohiyo, kwani hizo ni dalili za kisukari cha aina ya kwanza. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, hiyo ni dharura.